Ulanzi wa Ruaha Mdogo, Pombe Isiyosafiri

Ulanzi ni pombe inayotokana na utomvu wa mwanzi mchanga. Makao yake makuu ni mabonde ya Iringa na Njombe, mikoa iliyokuwa mmoja hadi mwaka 2012. Hupatikana pia katika baadhi ya sehemu za Mbeya na Ruvuma, lakini anayetaka kuuona ukigemwa, ukiuzwa na kunywewa siku hiyo hiyo katika bonde moja huenda Iringa, kando ya mto Ruaha Mdogo. Katika nchi za Ulaya watu husafiri hadi kwenye mabonde ya mizabibu, wakakaa siku kadhaa wakionja mvinyo wa shamba hili na lile. Tanzania nayo ina mizabibu yake, ila iko Dodoma, kwenye ukame. Kwenye mito ya Nyanda za Juu Kusini kinachogemwa ni milanzi.

Mlanzi si mwanzi wowote. Mianzi mirefu yenye uwazi ndani, inayoota porini kwenye vilele vya Rungwe na milima ya Livingstone, haigemwi. Mianzi ya manjano inayopendezesha bustani za mijini haigemwi pia. Mlanzi, ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera, ni mnene wa ukuta, karibu uwe mgumu hadi ndani, na huota kwa vichaka vilivyoshikamana pasipo kutambaa ovyo shambani. Kichaka kilichotunzwa hufikia kimo cha mita 10 hivi. Mmea huu hutoa maua kwa nadra mno, baada ya miaka mingi, na hivyo mkulima hangoji mbegu: hung'oa kipande cha shina chenye mizizi kwenye kichaka cha zamani na kukipanda kwingine mvua zinapoanza. Kichaka kikishashika ardhi huishi kuliko aliyekipanda. Ndiyo maana milanzi mingi ya Iringa ni ya urithi, na mwenye nayo hujulikana kijijini kama vile mwenye ng'ombe anavyojulikana kwingineko.

Vichaka hupandwa karibu na nyumba, kwenye mipaka ya mashamba na zaidi ya yote kwenye miteremko inayoshuka mabondeni. Huko mlanzi ni jirani wa vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambamo Wahehe na Wabena hulima mahindi, maharage na mboga wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu uliobaki ardhini. Vinyungu vimeingia kwenye mvutano na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mlanzi umepona kwa kiasi fulani katika mvutano huo. Haulimwi kila mwaka, udongo wake haupinduliwi, na mizizi yake hushika kingo ambazo jembe lingezibomoa. Ukiangalia mteremko wenye milanzi na mteremko uliolimwa hadi majini baada ya mvua kubwa, tofauti haihitaji mtaalamu kuielezea.

Msimu wa ulanzi ni msimu wa mvua. Machipukizi hutoka ardhini mvua za mwisho wa mwaka zinapokolea, na ugemaji huendelea hadi Aprili au Mei, mvua zinapokata. Mgema hulisubiri chipukizi lifike kimo cha mita moja hivi, likiwa bado laini na limejaa maji. Hapo hulikata ncha. Utomvu hauji papo hapo kwa wingi. Jeraha hukatwa upya, ugamba mwembamba mmoja mmoja, hadi mmea uzoee kutoa. Baada ya hapo kazi haina mapumziko: asubuhi na jioni mgema hupita kichaka kwa kichaka, akikata ugamba mwingine kwa kisu kikali ili jeraha lisifunge, akimimina kilichodondoka na kurudishia chombo mahali pake. Akikosa siku moja, jeraha hukauka na chipukizi hilo limekwisha. Anayelima, anayefuga na anayeajiriwa wanaweza kuahirisha. Mgema hawezi, na wagema wengi hawaendi hata msibani mbali kabla ya kupata wa kuwashikia kazi.

Chombo cha asili cha kukingia ni mbeta, pingili ya mwanzi iliyokatwa ikaachwa na kitako chake. Chipukizi huinamishwa kidogo, mbeta ikafungwa chini ya jeraha, na juu yake hufunikwa kwa majani au kipande cha nailoni. Kifuniko kina kazi mbili. Huzuia nyuki, nzi na siafu, ambao huupenda utomvu kuliko wanywaji wenyewe. Huzuia pia mvua. Watu wa pwani husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa ulanzi, mvua humtangulia mgema kufanya kazi hiyo, na mnywaji mzoefu hutambua kwa tone la kwanza kama mbeta ililala wazi. Siku hizi chupa za plastiki zimechukua nafasi ya mbeta katika mashamba mengi kwa sababu ni nyepesi na hazipasuki juani. Wazee hulalamika kwamba ladha imebadilika, na malalamiko yao yana msingi. Ukuta wa mbeta iliyotumika msimu mzima huhifadhi hamira ya asili, na ndiyo inayoanza kuchachusha utomvu kabla haujashushwa. Plastiki iliyosuuzwa haina hamira hiyo.

Kila kinachofuata huamuliwa na saa. Utomvu unaodondoka ni maji matamu yenye sukari, meupe kidogo, na ukinywewa asubuhi uliyogemwa huitwa mtogwa. Watoto huunywa, wagonjwa huunywa, na mtu asiyegusa pombe huunywa bila kuona amevunja mwiko. Hata hivyo hamira iko kazini tayari. Kufikia mchana sukari imeanza kugeuka kuwa kilevi na hewa ukaa, povu linapanda, na utamu unapata makali. Kufikia jioni huo ni ulanzi kamili. Ukilala hadi kesho yake huwa mkangafu: utamu umekwisha, uchachu umeshika, na kichwa huhisi mapema zaidi. Bakteria wanaotengeneza siki huingia baada ya hapo, na siku chache zikipita kilichobaki hakimfai mnywaji yeyote. Kilevi cha ulanzi uliokomaa hukaribia kile cha bia ya kawaida, lakini hakuna kipimo kimoja, kwa sababu mvua, baridi, chombo na saa ya kugema vyote hubadilisha matokeo. Kijiji cha juu chenye baridi huwa na mtogwa unaodumu kuliko kijiji cha bondeni chenye joto.

Kwa hiyo lita moja ya ulanzi haina sifa moja. Aliyeinunua saa mbili asubuhi na aliyeinunua saa kumi na moja jioni kutoka dumu lile lile wamenunua vinywaji viwili. Wanywaji wa Iringa hulijua hilo kiasi kwamba hawaulizi kama ulanzi ni mzuri. Huuliza umegemwa lini. Wengine huchanganya mtogwa wa leo na mkangafu wa jana ili kupata kiwango wanachokitaka, na muuzaji anayejua kuchanganya hupata wateja wa kudumu.

Mahali pa kuunywea ni kilabu. Vilabu vya vijijini ni banda la matofali au la miti lenye mabenchi pande zote, na wauzaji wengi ni wanawake, wengine wakiwa wanauza ulanzi wa milanzi yao wenyewe na wengine wakiwa wamenunua kwa wagema kwa ndoo. Kipimo ni lita, kwa maana ya kopo la plastiki linalojulikana na wote. Mgeni husalimiwa kwa Kihehe, kamwene, naye akijibu kamwene mambo yamekwisha. Hakuna anayetegemea ajue zaidi. Muuzaji huonja kidogo mbele ya mteja kabla ya kumkabidhi kopo, desturi ya kumhakikishia kwamba kinywaji ni salama. Kopo huzunguka. Anayenunua lita yake akaitia mdomoni peke yake hadi mwisho hatakatazwa, ila ataonekana mtu wa ajabu. Pamoja na ulanzi huja viazi, mahindi ya kuchoma na nyama, na mazungumzo ambayo hayana haraka kwa kuwa mgema hajarudi na ulanzi wa jioni.

Hapo ndipo ulanzi unapompangia mgeni mwendo wake. Hauwezi kuagizwa ukaletwa. Dumu likifungwa kwa nguvu huvimba kwa hewa inayotoka, na likitikiswa barabarani hupasuka au humwaga nusu kizibo kikifunguliwa; likiachwa wazi, ulanzi huendelea kuchacha hadi unafika Dar es Salaam ukiwa kitu kingine. Kuuchemsha huua hamira na kuusimamisha, lakini huua pia ladha inayotafutwa. Wapo wanaousafirisha kwa mabasi ya usiku kwa ndugu zao mijini, na ndugu hupokea kwa shukrani kile ambacho kijijini kingemwagwa.

Meksiko ilikuwa na tatizo hili hili. Pulque, pombe ya utomvu wa mmea wa maguey, nayo huharibika ndani ya siku chache, na kwa karne nyingi ilinywewa jirani na mashamba. Mwishoni mwa karne ya 19 reli ziliunganisha mashamba ya Hidalgo na jiji la Mexico, treni zikawa zinabeba mapipa kila siku, na wenye mashamba wakatajirika. Baadaye bia ya chupa, isiyochacha njiani, ikaishinda pulque mjini. Ulanzi haukupitia hatua hata moja ya hizo. Mji wa Iringa haujawahi kufikiwa na reli. TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, hupita mbali upande wa kusini, ikapanda hadi Makambako na kuelekea Mbeya. Bia za viwandani ziliingia Iringa kwa barabara kuu, lakini ulanzi wenyewe haukupata njia ya kutoka. Matokeo yake haukutajirisha mtu, na haukuua mtindo wake wa kijijini pia.

Mji wa Iringa uko kwenye ukingo wa juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Ruaha Mdogo hupita chini yake kwa Ipogolo. Mto huu hutoka nyanda za Mufindi, hupita kandokando ya mji na kuendelea kaskazini hadi kuungana na Ruaha Mkuu. Anayeutumia mji kama kituo hahitaji kwenda mbali. Kalenga, kilomita 15 hivi, iko ukingoni mwa mto huu, na ndiyo iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kamanda Emil von Zelewski akiuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani walirudi miaka mitatu baadaye wakiwa na mizinga, na Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na limehifadhiwa kwenye makumbusho madogo ya Kalenga. Vijiji vinavyoizunguka ngome hiyo ya zamani ni vya milanzi, na mtunza makumbusho si mtu wa kuharakishwa. Anayefika asubuhi, akasikiliza historia yote, hutoka wakati mtogwa umeshaanza kuwa ulanzi.

Ng'ambo kidogo iko Tosamaganga, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 na kushikwa baadaye na Wakonsolata kutoka Italia. Majengo yake ya matofali mekundu juu ya kilima huonekana kutoka mbali. Kwenye barabara ya Mbeya, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kuna Isimila, korongo la nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambako zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa mwaka 1951 na kuchimbuliwa kwa utaratibu mwaka 1957 na 1958. Sehemu hizi tatu zingeweza kumalizwa kwa gari ndani ya siku moja. Si vizuri kufanya hivyo.

Kuanzia Isimila barabara hufuata vijiji vya Tanangozi na Ifunda, na hapa katika msimu ndoo na madumu hupangwa kando ya lami. Baada ya Mafinga huingia misitu ya misindano ya Sao Hill, kisha Makambako, na kutoka hapo nchi hubadilika. Barabara hushuka kwenye uwanda wa Usangu, wilaya ya Mbarali, eneo la joto na mpunga, na milanzi hupotea machoni. Kufikia Mbeya, kilomita zipatazo 330 kutoka Iringa, ulanzi umekuwa kinywaji cha wahamiaji wanaoukumbuka kuliko cha wenyeji wanaougema.

Mbeya ina cha kwake. Katika vilabu vyake hunywewa komoni, pombe ya mahindi, na ukipanda Rungwe hukutana na kimpumu, pombe ya ulezi ya Wanyakyusa na Wandali. Kimpumu ni kinyume cha ulanzi karibu kwa kila jambo. Ulezi huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa, na unga huo wa kimea huchachushwa kwa siku kadhaa kabla ya mtu kunywa. Wakati wa kunywa, machicha hutiwa kwenye chombo na kumwagiwa maji ya moto, kisha wanywaji hufyonza kwa mirija. Maji yakipungua huongezwa mengine. Nchi yenyewe inafaa kinywaji cha moto. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na ukungu wa Rungwe huweza kukaa siku nzima. Mto wa huku ni Kiwira, unaoshuka kwa kasi kwenda Ziwa Nyasa. Umepita chini ya Daraja la Mungu, tao la mwamba lililoachwa na volkano, na chini zaidi umechimba Kijungu, ambako maji yote hudumbukia kwenye shimo la mawe. Mianzi ipo kando ya Kiwira, ila Wanyakyusa huisifu kwa kujengea nyumba. Kuigema si jadi yao.

Wapo wanaoona kwamba ulanzi ungestahili kutendewa kama zabibu za Dodoma. Mizabibu ilipandwa na wamisionari wa Bihawana katika miaka ya 1950, ikasambaa kwa wakulima wadogo, na leo mvinyo wa Dodoma huuzwa kwa chupa katika miji yote mikubwa. Ulinganisho huo una kasoro. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, husagwa kiwandani, na uchachushaji wake husimamishwa kwa hiari ya mtengenezaji. Ulanzi hudondoka kidogo kidogo kutoka maelfu ya machipukizi yaliyotawanyika kwenye miteremko, kila moja likidai mkono wa mtu mara mbili kwa siku. Kinachowezekana zaidi ni kumleta mnywaji kijijini, na kwa hilo Iringa tayari ina barabara ya lami, makumbusho, korongo na hifadhi ya Ruaha upande wa magharibi. Watalii wengi hupita kwenda hifadhini bila kujua kilichomo kwenye madumu yale ya kando ya barabara.

Kuusifu ulanzi kusifiche upande wa pili. Msimu wake huangukia wakati wa palizi, na viongozi wa vijiji hugombana kila mwaka na vilabu vinavyofunguliwa asubuhi. Bei yake ndogo huufanya upatikane kwa kila mtu, wakiwamo watoto, na mstari kati ya mtogwa wa mtoto na ulanzi wa baba yake ni wa saa chache tu. Vyombo vichafu na maji ya kuongezea huleta magonjwa ya tumbo. Hata ulanzi safi humshangaza asiyeuzoea: mtogwa mwingi huendesha tumbo, na wenyeji humshauri mgeni aanze na kikombe kimoja, ale, kisha asubiri kuona. Anayeendesha gari hana sababu ya kuonja chochote baada ya saa nne asubuhi.

Wakati mzuri wa kwenda ni kati ya Januari na Aprili, ingawa barabara za udongo huteleza na ukungu wa asubuhi ni mzito. Mei mtiririko hupungua. Machipukizi yaliyogemwa huwa yamekatwa hadi karibu na ardhi na hayaoti tena; yale ambayo mgema aliyaacha kwa makusudi hukomaa kuwa milanzi mipya ya kuendeleza kichaka. Mgema mwenye tamaa, anayegema kila kinachochipua, huua kichaka chake ndani ya misimu michache. Mashina makavu hukatwa kwa ajili ya kuezekea, kujengea uzio na kusukia matenga yanayobebea nyanya za Ilula. Anayefika Iringa mwezi Agosti atakuta vilabu viko wazi, lakini kopo atakalopewa litakuwa la pombe nyingine, komoni au kangara.